Je, Ushirika Wetu wa Umeme Ununue Mtambo wa Upepo?

"Mhandisi, asalaam aleikum. Mimi ninaishi na kufanya kazi Mombasa, lakini kwetu ni kijiji kimoja katika Kaunti ya Kilifi, kama kilomita kumi kutoka baharini. Tuna ushirika wetu wa umeme wenye wanachama 180, paneli za jua, betri ambazo sasa zimechoka, na jenereta ya dizeli inayoshika zamu jua likizama. Jenereta hiyo inakunywa lita 40 kwa siku, na dizeli ikifika kijijini hutugharimu shilingi 180 kwa lita. Sasa amekuja muuzaji anayetaka kutuuzia mtambo wa upepo wa kilowati 50 kwa shilingi milioni 22, pamoja na kuusimamisha. Alipima upepo kwa kifaa cha mkononi siku mbili za mwezi wa Agosti, akapata mita 8 kwa sekunde, akatuambia kwamba jenereta tutaiuza. Kila mwanachama anatakiwa kutoa shilingi 15,000, na iliyobaki ni mkopo wa riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Mimi ni mmoja wa wanakamati. Mpwa wangu aliyeko Marekani anasema vyama vya umeme vya vijijini huko vimewekeza katika upepo na vimefaulu. Mzee mmoja wa kijiji anasema mitambo hii hufukuza mvua. Vijana nao wanauliza: ikiwa mradi wa upepo wa Marsabit umewezekana, kwa nini sisi watu wa Pwani, ambao upepo haukosi, tusiweze? Mkutano ni mwisho wa mwezi. Je, tutie saini?"

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na ninakushukuru kwa kuniandikia tarakimu, kwa maana wengi wanaoniuliza habari za upepo huniambia tu kwamba kwao upepo ni mkali, kisha hutaka niseme ndiyo au la. Ninaelewa pia kwamba linalokukosesha usingizi si mtambo peke yake. Shilingi 15,000 kwa baadhi ya wanachama wenu ni mapato ya miezi, na kamati ikikosea, wewe utakayeulizwa ni mtoto wa hapo hapo kijijini, mbele ya shangazi zako na majirani wa mamako. Kwa hiyo nitatoa jibu kwanza, maelezo yafuate: kwa masharti uliyoyataja, msitie saini. Sisemi hivyo kwa kuuchukia upepo. Nimefanya kazi ya umeme miaka mingi, na ningefurahi kwa dhati kuona mtambo wa upepo uliochaguliwa vizuri ukisimama Kilifi. Ninasema hivyo kwa sababu hesabu ya mkataba huu haikubali, hata tukimkubalia muuzaji kila neno alilolitamka.

Tuifanye hesabu hiyo sasa, kwa tarakimu zako mwenyewe. Lita 40 kwa siku ni lita 14,600 kwa mwaka, na kwa shilingi 180 kila lita, dizeli inawatoa shilingi 2,628,000 kwa mwaka. Hicho ndicho kiasi kikubwa kabisa ambacho mtambo wowote unaweza kuwaokolea, kwa sababu hauwezi kuokoa dizeli msiyoichoma. Wanachama 180 wakitoa shilingi 15,000 kila mmoja, mtapata milioni 2.7, na mkopo utakuwa milioni 19.3. Riba ya asilimia 14 juu ya mkopo huo, kwa mwaka wa kwanza pekee, ni shilingi 2,702,000. Maana yake ni kwamba hata mtambo ukifanya maajabu, jenereta isiwashwe hata usiku mmoja, fedha mtakazookoa hazitatosha kulipa riba, sembuse kupunguza deni lenyewe, kununua vipuri na kumlipa fundi. Hesabu hii inataka kalamu tu, wala haitaki mhandisi, na ningependa uiandike ubaoni siku ya mkutano kabla ya mtu yeyote kuzungumza juu ya upepo.

Najua hata hivyo kwamba muuzaji anaweza kurudi na bei ya chini zaidi, au mfadhili akajitokeza kulipia nusu, na hapo swali la upepo wenyewe litafufuka. Ndiyo maana ninataka uuelewe mtambo unavyofanya kazi, ili siku hiyo mjue cha kuuliza.

Kwanza ni hizo kilowati 50. Nadhani wengi waliomsikia muuzaji waliona moyoni umeme wa kilowati 50 ukitiririka usiku na mchana. Sivyo. Kilowati 50 ni uwezo wa juu kabisa wa mtambo, kama vile matatu yenye leseni ya abiria 14 isivyobeba abiria 14 kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane. Mnachouza ninyi kwa wanachama si kilowati bali uniti, yaani kilowati moja inayotumika kwa saa moja. Mtambo wa kilowati 50 ambao haupumziki hata dakika moja ungetoa uniti 438,000 kwa mwaka. Mtambo halisi, mahali penye upepo wa wastani, hutoa asilimia 15 hadi 20 ya kiasi hicho, yaani uniti 65,000 hadi 88,000 hivi. Mkataba wowote usiotaja uniti za mwaka, na usiosema nani atalipa zikipungua, haujawaambia mnachonunua.

Pili ni ile mita 8 kwa sekunde, na hapa naomba uvumilivu wako kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo watu wengi wenye akili zao hulikosea. Upepo ni hewa iliyo katika mwendo, na hewa ina uzito. Mwendo wake ukiongezeka mara mbili, mambo mawili hutokea kwa pamoja: hewa inayopita kwenye mapanga kila sekunde huwa mara mbili, na kila kilo ya hewa hiyo hubeba nishati mara nne, kwa kuwa nishati ya kitu kinachokwenda hufuata mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Mara mbili ukizidisha kwa mara nne unapata mara nane. Kwa hiyo upepo wa mita 10 kwa sekunde hauna nguvu maradufu ya ule wa mita 5. Una nguvu mara nane.

Chukua mapanga yenye kipenyo cha mita 16, ukubwa wa kawaida kwa mtambo wa kilowati 50, na tuseme yanachukua asilimia 35 ya nguvu iliyomo katika upepo, ambayo ni kazi nzuri. Hakuna mtambo unaoweza kuvuka asilimia 59.3, kikomo alichokionyesha mwanafizikia Mjerumani Albert Betz zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa sababu hewa ikinyang'anywa nguvu zote ingesimama nyuma ya mapanga na kuizuia ile inayofuata. Upepo wa mita 10 kwa sekunde utakupa kilowati 41 hivi. Upepo wa mita 5 utakupa kilowati 5. Na upepo ule ule wa mita 8 aliojivunia muuzaji utakupa kilowati 21. Basi hata katika siku zake mbili njema, mtambo wake usingefika nusu ya jina unalouzwa nalo. Nimetumia uzito wa hewa yetu ya joto, karibu kilo 1.17 kwa kila mita ya ujazo, ilhali jedwali za watengenezaji huandikwa kwa hewa ya nyuzi 15 yenye uzito wa kilo 1.225. Tofauti hiyo ya asilimia 4 au 5 si kubwa, lakini daima inamkata mnunuzi wa Pwani.

Kanuni hiyo ya mara nane inafanya wastani wa mwaka uwe na hila ndani yake. Fikiria vilima viwili. Cha kwanza kinavuma mita 5 kwa sekunde saa zote bila kubadilika. Cha pili hakivumi kabisa nusu ya saa zote, na nusu nyingine kinavuma mita 10. Wastani wa vyote viwili ni mita 5, lakini nguvu iliyomo katika upepo wa kilima cha pili ni mara nne ya kile cha kwanza. Kwa hiyo mtu akikupa wastani peke yake hajakupa kitu kamili, na mtu akikupa siku mbili hajakupa hata wastani.

Na siku zenyewe ni za Agosti! Mvuvi yeyote wa Mtwapa au wa Takaungu angemwambia muuzaji kwamba Agosti ni kusi, upepo uleule unaoichafua bahari tangu Juni na kuviweka vyombo vingi ufukoni. Kumpima mtu urefu akiwa amesimama juu ya kiti si kumpima. Kusi huanza kushika mwezi wa Aprili na kuendelea hadi Septemba au Oktoba. Kaskazi huja kuanzia Desemba hadi Machi, nayo kwa kawaida ni nyepesi zaidi kwenye pwani yetu. Katikati yao kuna maleleji, kile kipindi ambacho mabaharia walikiita tanga mbili, wakati upepo haujaamua unakwenda wapi, na mtambo unaweza kusimama siku nzima ukitazama bahari. Wazee wetu waliendesha biashara nzima ya majahazi kwa kuijua kalenda hii, na sioni kwa nini biashara ya umeme iijue kwa uchache kuliko wao.

Saa za siku nazo zina uzito wake, na pengine kwenu ndizo zenye uzito zaidi. Matlai, upepo utokao baharini, huingia bara ardhi ikishapata joto, hukaza mnamo saa nane hadi saa kumi mchana, kisha hulegea jua linapozama. Wanachama wenu huwasha taa na televisheni saa ngapi? Saa moja jioni hadi saa nne usiku. Upepo wenu mwingi utakuja mchana, wakati ambapo paneli za jua tayari zinafanya kazi, na utapungua saa ile ile jenereta inapohitajika. Upepo ukishuka hadi mita 4 kwa sekunde, mapanga yale yale ya mita 16 yatatoa kilowati 2 na nusu hivi, na jenereta itawashwa kama kawaida. Muulize muuzaji alipima saa ngapi. Nina hakika hakupima saa mbili usiku.

Kuna pia suala la urefu na la minazi. Karibu na ardhi upepo huburuzwa na miti, nyumba na vichaka, na hewa iliyo juu huwa na kasi zaidi. Kanuni ya kazi ni kwamba ncha ya chini ya mapanga iwe juu zaidi kwa angalau mita 10 kuliko kizuizi chochote kilicho ndani ya mita 150. Mnazi uliokomaa hufika mita 20 na zaidi. Ongeza mita 10, kisha nusu ya kipenyo cha mapanga, utaona kwamba mnara usiofika mita 38 au 40 haufai, na mnara ni sehemu ya gharama ambayo wauzaji hupenda kuifupisha. Niliwahi kuitwa katika hoteli moja ya ufukweni kaskazini mwa Mombasa kutazama mtambo mdogo uliokuwa "umeharibika". Haukuwa umeharibika. Ulikuwa umewekwa kwenye mnara wa mita 12 katikati ya minazi, ukipata upepo uliovurugika kutoka kila upande, na ulikuwa ukigeuka huku na huko kama mtu anayeitwa na watu wanne kwa mpigo. Walichonunua hasa kilikuwa pambo, na nilisikitika kuwaambia hivyo.

Sasa tuziunganishe uniti na dizeli, maana hapo ndipo hesabu ya ushirika inapokaa. Jenereta ndogo hutoa karibu uniti 3 kwa kila lita, kwa hiyo lita zenu 40 ni uniti 120 kwa siku, au uniti 43,800 kwa mwaka. Hata mtambo ukizalisha uniti 80,000, zinazoweza kuchukua nafasi ya dizeli ni hizo 43,800 tu, na zile zinazokuja mchana bila mtu wa kuzitumia wala betri ya kuzihifadhi zitatupwa kwenye vipasha-joto vya kumwagia umeme wa ziada. Isitoshe, jenereta ya dizeli haipendi kuendeshwa chini ya asilimia 30 ya uwezo wake. Hulowana mafuta yasiyoungua, hutoa moshi, na maisha yake hufupika. Upepo ukiwa wa kiasi, jenereta italazimika kuendelea kuunguruma kando yake, na akiba itakuwa ndogo kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Kama ningelazimika kukisia kwa uaminifu, ningesema mtambo huu, mahali hapo, bila betri mpya, ungeokoa nusu ya dizeli yenu ikiwa mambo yatakwenda vizuri: lita 7,300, yaani shilingi 1,314,000 kwa mwaka. Toa shilingi 300,000 za matengenezo, kwa kuwa chumvi ya bahari hufika kilomita kumi bila taabu na hula bolti, nyaya na mabamba ya umeme, na kwa kuwa mtambo wenye giaboksi unahitaji mafuta na macho ya fundi. Inabaki shilingi milioni moja na kidogo. Fedha hiyo inaweza kulipa mkopo wa milioni 5.3 hivi kwa miaka kumi kwa riba yenu ya asilimia 14. Ongeza milioni 2.7 za wanachama, na bei ambayo ushirika wenu unaweza kuibeba ni takriban milioni 8. Muuzaji anataka 22. Umbali huo hauzibwi kwa kujadiliana bei peke yake.

Kuhusu mvua, mweleze mzee kwa heshima kwamba mvua yetu huletwa na unyevu wa Bahari ya Hindi unaosukumwa na pepo kubwa zinazofika kilomita nyingi juu angani, na mapanga ya mita 16 hayawezi kuzifikia. Mashamba makubwa ya mitambo huchanganya hewa iliyo karibu na ardhi na yanaweza kubadilisha kidogo joto la usiku mahali hapo, basi. Lakini usimpuuze. Mara nyingi mzee anayezungumza juu ya mvua anauliza kwa njia yake kama kuna mtu aliyemshirikisha, na hilo ni swali halali. Huko Kinangop, mradi wa upepo wa megawati 60.8 uliachwa mwaka 2016 baada ya wakaazi kuupinga kwa sababu ya ardhi na hofu za afya, na hakuna hesabu ya upepo iliyoweza kuuokoa.

Mpwa wako anasema kweli, na ningependa umsikilize hadi mwisho. Vyama vya ushirika vya umeme vya Marekani vilianza kuenea baada ya serikali yao kuunda wakala wa umeme wa vijijini mwaka 1935, wakati makampuni makubwa yalipokuwa yakiona mashamba hayana faida. Mfano ulio karibu zaidi na wenu ni Kotzebue, mji wa watu 3,000 hivi huko Alaska, juu ya Mzingo wa Aktiki, ambao haujaunganishwa na gridi yoyote. Ushirika wao uliweka mitambo yake ya kwanza mwaka 1997, mitambo midogo, mitatu tu. Walijifunza kuitengeneza katika baridi kali, wakaongeza mingine kidogo kidogo, na mwaka 2012 wakasimamisha miwili mikubwa ya kilowati 900 kila mmoja. Tazama hali yao: dizeli huwafikia kwa meli za tishari katika majira mafupi ya kiangazi, kwa hiyo kila lita ni ghali mno, upepo wao wa pwani huvuma zaidi wakati wa baridi, ambao ndio wakati wa matumizi makubwa, na walikuwa na mafundi wao wenyewe. Kwenu dizeli ni ghali lakini si kama kwao, upepo unakuja saa ambayo mzigo ni mdogo, na fundi wa mitambo ya upepo aliye karibu sijui kama ameonekana Kilifi. Kilichofaulu huko ni upepo uliolingana na mahitaji, ukaendeshwa na ushirika uliokwenda kwa hatua.

Vijana wenu wanaotaja Marsabit nao wana haki ya kujibiwa. Mradi wa Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani, una mitambo 365 ya kilowati 850 kila mmoja, jumla megawati 310. Umesimamishwa pale kwa sababu nyanda za juu za Ethiopia na zile za Afrika Mashariki huubana upepo katikati yao kama kidole kinavyoubana mdomo wa bomba la maji, na mitambo ile hutoa karibu nusu ya uwezo wake wa mwaka mzima, na miaka mingine zaidi ya nusu. Hakuna mahali pa aina hiyo kati ya Mariakani na Malindi. Na hata pale palipo na upepo wa namna hiyo, mitambo ilikamilika mwaka 2017 ikakaa bila kazi hadi waya wa kuiunganisha na gridi huko Suswa, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ulipomalizika Septemba 2018, na walipa kodi wakabeba gharama ya kuchelewa huko. Mwaka 2021 mahakama iliyoketi Meru ilisema hati za ardhi ile hazikupatikana kwa kufuata sheria. Ninayataja haya kwa sababu yanawahusu hata ninyi wa mtambo mmoja: mtaweka mnara kwenye shamba la nani, na ana hati gani?

Nikiwa mahali pako, ningeanza na lisilogharimu fedha. Kama pampu ya maji na kinu cha kusagia unga huendeshwa jioni, vihamisheni hadi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, jua likiwa kali. Kisha ningetazama betri. Kama ni zile za risasi na asidi, kuchoka kwake si ajabu, kwa kuwa maisha yake hupungua kwa nusu hivi kwa kila nyuzi 10 juu ya nyuzi 25, na chumba cha betri kijijini huwa na joto kuliko hilo mchana kutwa. Betri za lithiamu za aina ya chuma na fosfati hustahimili joto vizuri zaidi na huchajiwa maelfu ya mara. Kilowati moja ya paneli kwenye pwani yetu hutoa uniti 1,400 hadi 1,500 kwa mwaka. Kilowati 30 za nyongeza zingewapa zaidi ya uniti 110 kwa siku, na zikihifadhiwa kwa ajili ya jioni, hata baada ya kupoteza sehemu njiani, zingeondoa sehemu kubwa ya zile uniti 120 za dizeli. Ombeni bei kwa wauzaji watatu tofauti, na kila bei ipitisheni kwenye mtihani ule ule wa riba na lita nilioufanya hapo juu. Nao mradi wa jua unaweza kushindwa mtihani huo, na ukishindwa, uacheni pia.

Haki ya upepo lazima niiseme hapa. Kati ya Mei na Julai mawingu hupunguza jua letu, na hapo ndipo kusi inapokaza. Jua na upepo wa Pwani husaidiana, mmoja akichoka mwingine akiamka, na kwa ushirika utakaokua na kufikia nyumba mia tano au kiwanda kidogo cha barafu, mtambo wa upepo unaweza kuwa na nafasi yake halali. Ndiyo maana ningependa mpime. Ramani ya upepo ya dunia iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark pamoja na Benki ya Dunia inapatikana bure kwenye intaneti, na itakuonyesha wastani wa upepo mahali penu kwa urefu wa mita 50 na mita 100. Ikionyesha upepo ulio chini ya mita 5 kwa sekunde kwenye mita 50, msipoteze fedha zaidi. Ikionyesha zaidi ya mita 6, simamisheni mlingoti wa mita 30 wenye vipimaupepo viwili kwa urefu tofauti, mrekodi kila dakika kumi kwa miezi kumi na miwili kamili, kusi na kaskazi na maleleji yote. Gharama yake ni sehemu ndogo sana ya milioni 22.

Jambo jingine la kuuliza kabla ya mkopo wowote wa miaka mingi ni waya wa taifa. Wewe unayekaa Mombasa tayari unachangia umeme wa vijijini kila unaponunua tokeni, kwa maana ndani ya bei kuna tozo ya asilimia 5 kwa ajili hiyo, kwa hiyo usione haya kwenda kuuliza. Andikeni barua kwa REREC, shirika la umeme wa vijijini na nishati jadidifu lililoundwa na Sheria ya Nishati ya 2019, na kwa ofisi ya Kenya Power ya Pwani, muulize kama kijiji chenu kimo katika mpango wowote wa kuunganishwa, na mwaka gani. Gridi ikifika mwaka wa tatu wa mkopo wa miaka kumi, wanachama watahamia huko kwa sababu ya bei, nanyi mtabaki na deni bila wateja.

Yako mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyafanya, nanyi msiyafanye kwa kukisia. Mhandisi mwenye leseni anapaswa kuja kijijini, aangalie kumbukumbu za jenereta kwa mwezi mzima, apime mzigo wa saa kwa saa, na asiwe mtu wa muuzaji. Mabadiliko ya mtambo wa kuuza umeme yanahitaji idhini ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, mnara unahitaji kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na mnara mrefu unahitaji kuulizwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, hasa mkiwa karibu na uwanja wa Malindi. Afisa wa ushirika wa kaunti akague kama mkutano mkuu uliidhinisha kiwango cha mkopo huo, na wakili asome mkataba, akitafuta hasa kifungu kinachosema mali ya nani imewekwa rehani. Kama ni mashamba ya wanachama, mkutano usifanyike kabla kila mmoja wao hajasomewa kifungu hicho kwa lugha anayoielewa.

Na kama muuzaji amekwisha kuwataka malipo ya awali ili "kushikilia bei", mwambieni kamati itayatoa siku atakapoandika kwa mkono wake idadi ya uniti atakazozidhamini kwa mwaka, na fidia kwa kila uniti itakayopungua. Niandikie atakachojibu, nami nitakusaidia kukipima.